Mnyamwezi na Bunduki, Wapi na Wapi

Bunduki ya kwanza niliipokea mwenyewe, tena kwa kicheko. Jabiri, seremala wa Manzese, aliileta nyumbani kwangu Temeke ikiwa ndani ya gunia la mkaa, akaitoa na kuilaza juu ya meza yangu ya chakula, kati ya bakuli la mchicha na madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nasahihisha. Ilikuwa ya mbao, imepakwa kiwi nyeusi, na mkanda wake ulikatwa kutoka mpira wa baiskeli. Nikamwambia fundi una mkono. Laiti ningeitia jikoni siku ile ile.

Nieleze ilivyoanza, maana wapo majirani waliosema baadaye kwamba nilijitakia mwenyewe. Mume wangu, Gaspar, alikuwa mwandishi wa habari. Vita vya Kagera vilipoanza, gazeti lake lilimtuma mstari wa mbele, na huko huko gari alilopanda likakanyaga bomu lililotegwa barabarani. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Mtoto akazaliwa, nikamwita Tabu, wala sikuhangaika kutafuta jina jingine. Tabu alimjua baba yake kwa picha moja ya pasipoti iliyokuwa ukutani, na hiyo ilikuwa haina msaada wowote, maana kila mtu kwenye picha ya pasipoti anafanana na mshitakiwa.

Basi mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, magazeti mapya yakiwa yanachipuka kila wiki, akaja kijana anaitwa Twalib. Alikuwa msanii wa kikundi cha shirika moja la umma mpaka shirika lilipoanza kupunguza watu, na mnajua nani huanza kupunguzwa. Akaunda kikundi chake. Alikaa kwenye kochi langu, shikamoo mama, akashika magoti yake kwa adabu.

"Mama Tabu," akasema, "siku hizi kila mwenye kalamu anajiita mwandishi. Mie nataka nitunge tamthilia ya kihistoria, watu wamwone mwandishi mwenyewe. Nataka kumwonyesha mzee Gaspar."

Nililia. Nikatoa shati la Gaspar kutoka kwenye sanduku, lile la bluu la mikono mifupi, nikampa akamvalishe mwigizaji. Nikamsimulia kila kitu. Nilimwambia Gaspar alikuwa mwoga, anaogopa hata fataki za Krismasi. Kwamba alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati, daima upande wa kushoto, mpaka mashati yake yote yamechakaa upande mmoja. Na kwamba akirudi likizo kutoka vitani alikuwa hakai nyumbani. Askari walimpa salamu kwa mdomo, naye akazibeba zote kichwani, akazunguka Keko, Manzese, Mbagala, akibisha hodi kwenye nyumba za watu asiowajua. "Mama fulani? Mwanao mzima. Anasema kitanda chake usikiuze." Hayo hayakuandikwa gazetini, lakini ndiyo aliyoyafanya.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika mambo yote yale. Nilitaka Tabu amwone baba yake. Miaka yote nilishindwa kumwonyesha kwa maneno, kwa sababu kila nikianza nalia, na mtoto akizoea kuona baba yake ni kilio, haulizi tena. Nikasema labda jukwaa litaweza.

Baada ya ile bunduki ya kwanza zikaja nyingine. Zikaja bastola. Yakaja mabomu ya kurusha kwa mkono, ambayo ni vifuu vya nazi vilivyopakwa rangi. Ukaja mzinga mzima, bomba la maji machafu lililofungwa juu ya toroli. Mazoezi yalikuwa yakifanyika darasani kwangu jioni, kwa hisani ya mwalimu mkuu, lakini mwalimu mkuu alikataa katakata silaha zilale shuleni, kwa hiyo zililala kwangu. Nilikuwa nikitaka kuchukua unga, naruka mzinga.

"Twalib," nikamwambia, "silaha zote hizi za nini, na wewe umesema tamthilia ni ya gazeti?"

"Mama, si unayaona haya mabanda ya video? Pale Manzese wakiweka komando, watu wanajaa mpaka dirishani. Sasa mie niwaoneshe jamaa amekaa kwenye kiti anapiga taipureta? Si watanyanyuka wote?"

"Lakini ndivyo alivyokuwa. Amekaa kwenye kiti anapiga taipureta."

"Itakuwepo, mama. Taipureta ipo."

Taipureta ilikuwepo kweli. Ilikuwa boksi la sabuni lililobandikwa visoda.

Balaa likazidi alipokuja Didas. Huyu alikuwa mkuu wa mgambo wa mtaani kwetu, mtu wa filimbi na buti. Jirani mmoja alimwona Jabiri akishusha bunduki uani kwangu, akakimbilia kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akamwita Didas, na Didas akaja na vijana wake wakazunguka nyumba ya mjane mwalimu wa darasa la tatu wakati nikiwa naanika nguo na Jabiri bado yuko uani. Nikawaambia ingieni, silaha zipo, chukueni zote, tena mnisaidie na huo mzinga. Moyoni nilimshukuru Mungu. Nikajua sasa tamthilia itabaki na watu na maneno.

Didas alishika bunduki moja, akaipindua, akaipima begani. Kisha akamgeukia Jabiri kwa hasira.

"Nani kakwambia magazini ya SMG inanyooka hivi? Magazini ya SMG ina kona, bwana. Hii mtu akiiona si atacheka?"

Toka siku ile Didas alihamia kwenye tamthilia. Akawa ndiye mwalimu wa silaha. Walibishana jioni nzima juu ya kona ya magazini, mimi nimekaa pale na chaki mkononi, Twalib anachora ubaoni, Jabiri anapima kwa viganja, Didas anaapa kwa jina la mama yake kwamba kitako kimekuwa kirefu mno. Bunduki zote zikarudi Manzese kuchongwa upya. Nilipata nafasi nikauliza mwandishi wa habari anaandika nini katika onyesho la pili, maana mwigizaji alikuwa anapigapiga visoda tu huku akiangalia dari. Twalib akanijibu, tena kwa upole kabisa, "Hiyo watu wataelewa tu, mama."

Mwigizaji mwenyewe aliitwa Isack, kijana wa Mtoni anayenyanyua vyuma. Shati la Gaspar lilimbana kifuani hadi vifungo vikawa vinaomba radhi. Miwani aliikataa, anasema inamzuia kuona anapobingirika. Nikasema, anapobingirika? Ndipo nilipoonyeshwa onyesho la mwisho. Gaspar yuko vitani, adui amewazingira, askari wote wameanguka. Gaspar anaitazama kalamu yake, anaitupa chini, anaokota bunduki, anapiga risasi kulia na kushoto, anabingirika, anapiga tena, mpaka anauawa akiwa amesimama.

Nilimtoa Twalib nje kwa mkono kama ninavyowatoa watoro.

"Huyo siye Gaspar."

"Ni Gaspar wa jukwaani, mama."

"Gaspar hajawahi kushika bunduki tangu azaliwe. Kalamu hakuitupa. Hata penseli ikibaki kipande alikuwa anaipachika kwenye kifuniko cha bomba la dawa ya meno aendelee nayo. Nirudishie shati langu."

Hapo Tabu akatokea. Alikuwa kidato cha pili, mrefu kunizidi, na alikuwa amesikia yote.

"Mama, usiniharibie," akasema. "Nimeshawaambia darasa zima. Wote wanakuja. Siku zote nilikuwa sijui niwaambie baba yangu alikuwa nani, leo nimejua, alikuwa komando, we unataka kunitolea shati."

Ningemwambia nini, pale nje, mbele ya Twalib? Kwamba baba yake alijificha chini ya kitanda wakati wa fataki? Mtoto alikuwa ameshapewa baba, na mimi ndiye niliyetoa shati la kumtengenezea. Nilirudi nyumbani nikaruka mzinga, nikapika ugali, nikaunguza.

Mtu pekee niliyemweleza alikuwa Mzee Mfaume, na huyo naye alinizidishia. Mzee Mfaume ni Mzaramo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani, na mtani wa aina ya kukera, hajui mahali pa kukomea. Kila Idi anakuja kudai zawadi kwa watumwa wake, kila Krismasi anakuja kula nyama ya watumwa wake. Lakini mwanawe alikuwa mmoja wa wale askari wa Kagera, na salamu zake zililetwa na Gaspar, kwa miguu, wakati wa mvua.

Gaspar alipozikwa, jeneza lilikuja limefungwa, askari wamelizunguka. Mzee Mfaume alifika makaburini amevaa viatu vya Gaspar, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, tayari kumwigiza marehemu kama mtani anavyopaswa, watu wacheke kidogo machozi yapate njia. Ofisa mmoja akamwambia asogee, huu ni msiba wa heshima, si mahali pa mzaha. Akavua viatu akasimama pembeni. Tangu hapo kila tukionana lazima aseme, "Shemeji, mtumwa wangu sijamzika." Nami namjibu acha upuuzi.

Nilipomweleza habari za bunduki alicheka hadi akakohoa.

"Mnyamwezi na bunduki, wapi na wapi? Mnyamwezi wa kubeba mzigo. Hiyo tamthilia ni lini?"

"Jumapili mchana. Wala usije kuniletea vituko, Mzee Mfaume, nina vituko vya kunitosha."

"Mie naja kumwangalia mtumwa wangu tu," akasema.

Jumapili ukumbi ulijaa. Sikatai, Twalib alijua biashara yake. Watu walikaa chini, walisimama, watoto walining'inia madirishani. Tabu alikaa nami mstari wa mbele, rafiki zake wamejipanga nyuma yetu, wananong'ona. Onyesho la gazeti lilikwisha kabla sijaweka vizuri khanga mapajani. Kisha vita. Didas nyuma ya pazia anapiga fataki ndani ya debe, moshi unatukohoza, mzinga unasukumwa na watu wanashangilia. Kila bunduki ina kona yake sawasawa. Nikamwangalia Tabu. Alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa, midomo inachezacheza. Nilimpoteza Gaspar mara ya pili, na safari hii kwa makofi.

Isack akaitupa kalamu. Akaokota bunduki. Akaielekeza kulia.

"Wee mtumwa," sauti ikasema, "hebu lete hiyo."

Mzee Mfaume alikuwa anapanda jukwaani, taratibu, kanzu ameishika mkono mmoja. Miguuni alikuwa na viatu, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Isack akaduwaa. Mzee akamnyang'anya bunduki, akaiangalia, akaanza kuitumia kama mwiko, anasonga ugali kwenye ule mzinga wa toroli.

"Shemeji kaniambia Mnyamwezi wangu ana bunduki," akawaambia watu. "Nikasema haiwezekani. Kumbe kweli, anapikia."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Twalib akachungulia kutoka pembeni, uso umemvimba. Didas akatokeza na filimbi mdomoni, lakini mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwacheni, mtani huyo," na wengine wakaitikia, mtani, mtani. Didas akaitoa filimbi mdomoni. Mtu hamkamati mtani msibani, hata mgambo analijua hilo, na ukumbi mzima ulikuwa umeshaelewa kwamba pale palikuwa msibani.

"Na hilo shati vua. Si lako."

Isack akavua, sijui kwa sababu gani, labda kwa sababu vifungo vilimchosha. Mzee akalivaa juu ya kanzu. Akatoa mfukoni miwani isiyo na vioo, akaiweka puani. Akashusha bega moja, lile ambalo Gaspar alikuwa anabebea mkoba. Akaivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, upande wa kushoto, akaivaa tena, akaifuta tena. Sijui alivihifadhi wapi vitu hivyo miaka yote ile. Mimi mwenyewe lile bega nilikuwa nimelisahau.

Fataki moja iliyochelewa ikalia ndani ya debe. Mzee Mfaume akajitupa chini ya meza ya taipureta, akabaki makalio nje, anatetemeka. Watu walicheka wakafutana machozi. Akatoka, akajipangusa, akashuka jukwaani akaanza kupita kwa watu.

"Hodi. Mama Jumanne? Mwanao mzima. Anasema kuku wake usimchinje, anamjua kwa jina." Akaenda kwa mwingine. "Hodi. Mzee, mwanao mzima. Anakusalimu, ila soksi zako alizochukua harudishi." Anajikwaa kwa vile viatu, anafuta miwani, anaendelea. Mama mmoja mtu mzima, simjui hadi leo, alimshika mkono akamwambia, "Alikuja kwangu. Kweli alikuja." Mzee akamwitikia kwa kichwa tu.

Akafika mbele yetu. Akasimama mbele ya Tabu.

"Hodi. Wewe nani?"

"Tabu," akasema mwanangu.

"Tabu wa nani?"

"Tabu Gaspar."

Mzee Mfaume akafungua mdomo. Akaivua miwani akaifuta, akaivaa. Akaifuta tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na neno, kwa sababu mtumwa wake hakuacha salamu kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Alisimama pale anafuta miwani isiyo na vioo, anafuta, anafuta, pindo limemkunjamana mkononi, na mimi nikajua sasa kimeharibika, mtoto ataaibika mbele ya shule nzima.

Tabu akacheka. Haikuwa dhihaka. Alicheka vile tunavyomcheka mtu wa nyumbani anapotafuta ufunguo alioushika, huku machozi yanamtoka bila yeye kuyajali. Katika miaka yake yote sikuwahi kumwona akimcheka baba yake. Rafiki zake nao wakacheka. Mimi nilikuwa nimeng'ata ncha ya khanga.

Tamthilia haikuisha, ilivunjika tu, watu wakatoka wanaongea. Kesho yake Twalib akaja mbio, hasira zimemwisha, anataka Mzee Mfaume arudie kila Jumapili, tena ameshafikiria pale fataki inapolia waongeze nyingine. Mzee akamwambia msiba haurudiwi. Nilimwambia Twalib aje na toroli yake achukue silaha zake, akaahidi atakuja. Mzinga ulikaa kwangu mpaka baada ya uchaguzi.

Lakini Mzee Mfaume aliondoka na shati. Nilipomdai akanichekea. Mtani akitwaa kitu cha marehemu hakitoi bure, lazima kikombolewe, nami mwenyewe nalijua hilo. Alitaka jogoo. Nilimwambia akae nalo, alale nalo, nimechoka na wanaume wa tamthilia hii, mmoja ananyang'anya, mwingine anachana vifungo, mwingine anataka jogoo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda bandani kutoa pumba, jogoo wangu wa Krismasi hayupo. Sikuhitaji kuambiwa. Nilijifunga khanga ya pili kiunoni nikashika njia ya kwa Mzee Mfaume, Mtoni, napanga maneno. Mzee mzima kumtuma mtoto kuiba. Niliyapanga vizuri, na mengine yalikuwa ya Kinyamwezi. Nilipofika kwenye ua wa makuti nikasikia sauti ya Tabu mlangoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Tabu Gaspar. Nimekuja kumkomboa baba."

Jogoo akalalamika.

"Jogoo mwenyewe ndo huyu?" akasema Mzee Mfaume. "Mwembamba hivi? Baba yako ana thamani kuliko huyu."

"Ni wa mama. Hajui kama nimemchukua."

"Basi mlete haraka, kabla hajajua."

Maneno yote niliyopanga yaliniishia pale uani. Nilitangulia nyumbani, nikakaa kibarazani nikamsubiri. Alikuja na shati limekunjwa chini ya kwapa, akakutana na macho yangu, akajua kwamba najua. Akasema tu kwamba linanuka jasho la Isack. Tukateka maji. Alilifua mwenyewe, aligoma nisiliguse, na alipofika pindoni, upande wa kushoto, mikono ikapunguza mwendo. Akaliinua juani. Pale kitambaa kilikuwa kimelika, mwanga unapita.

"Alikuwa anafutia hapa?"

"Hapo hapo."

"Kila siku?"

"Kila siku," nikasema. "Nilimgombeza mpaka nikachoka."